UZI: Kelly yupi? Delorme yupi? Majina ya ukoo yanayofanana kwenye maandiko ya upasuaji wa mkojo kuvuja kwa wanawake

MkutubiWaZamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkutubi kwenye chuo cha afya. Kutwa nawatafutia wanafunzi na madaktari maandiko, na siku hizi naulizwa pia na wagonjwa wenyewe, kwa sababu kila mwenye simu anasoma kabla ya kwenda hospitali. Nafurahi wanasoma. Ila kuna mahali wengi wanateleza, wasomi wakiwemo, na nimeona nilieleze kwa ugonjwa mmoja ambao wanawake wetu wanaubeba kimya: mkojo kutoka wenyewe ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka au ukijitwisha ndoo.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani. Ukikohoa, presha ya tumbo inapanda na kukibana kibofu. Kwa mtu mzima wa afya, misuli ya sakafu ya nyonga na tishu zinazoushikilia mrija wa mkojo hukaza vya kutosha kuuziba. Mimba, kuzaa, umri na uzito hulegeza zile tishu, basi presha inashinda na mkojo unachoropoka. Hapa sisemei ile hali ya mkojo kukubana ghafla usiwahi choo. Hiyo ina sababu zake na dawa zake, na upasuaji ninaouzungumzia si tiba yake.

Sasa kuhusu majina. Maandiko ya kitabibu humtaja mwandishi kwa jina la ukoo na herufi za mwanzo za majina mengine, basi. Kwenye ugonjwa huu, kuna majina yanayojirudia kwa watu tofauti kabisa, na wakati mwingine wote wanashughulika na mkojo.

Chukueni Kelly. Wa kwanza ni Howard Kelly, profesa wa kwanza wa magonjwa ya wanawake pale Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 1914, yeye na Dumm waliandika juu ya wanawake wanaovuja mkojo bila kibofu kuwa na jeraha lolote linaloonekana. Upasuaji wake ulipitia ukeni: tishu zilizolegea chini ya shingo ya kibofu zinavutwa na kushonwa pamoja ili ziibane njia. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wanalishika jina lake kila siku, maana ile koleo ya kubana mishipa iitwayo Kelly ni yake.

Wa pili ni John Kelly wa Birmingham, Uingereza, aliyekuwa akienda Ethiopia kuwatibu wanawake wenye fistula. Mwaka 1993, yeye na Kwast walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Ethiopia wenye tundu kati ya kibofu na uke, lile tundu linalotokana na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada. Hao mkojo unawatoka usiku na mchana, wakohoe wasikohoe.

Wa tatu ni Justin Kelly wa Melbourne, Australia. Yeye ni wa watoto wanaozaliwa kibofu kikiwa wazi nje ya tumbo. Upasuaji wake aliouchapisha mwaka 1995 nao unaitwa kwa jina la Kelly, na lengo lake mojawapo ni mtoto aweze kuzuia mkojo.

Mnaona hatari yake? Watu watatu, jina moja, na wote wanapambana na mkojo unaovuja. Mwanafunzi akiandika "upasuaji wa Kelly husaidia kuzuia mkojo" na kuweka rejea ya Kelly J., msomaji hajui anazungumzia mama aliyezaa mara tano, binti aliyeumizwa na uchungu wa siku tatu, au kichanga. Matokeo ya mmoja hayawezi kubebeshwa mwingine. Nimeshaona rasimu ya tasnifu imewaunganisha wawili katika aya moja, na msimamizi alipitisha.

Mtasema, si uende tu PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya maandiko ya kitabibu, uangalie jina kamili? Majina kamili ya waandishi yameingizwa pale kwa maandiko ya kuanzia 2002. Ya nyuma yake, na upasuaji huu mwingi umezaliwa nyuma yake, yana herufi tu. Namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja mmoja, imeanza 2012. Kwa hiyo kwa Kelly yeyote kati ya hawa unarudi kwenye njia ya kizamani: alikuwa akifanya kazi mji gani, ameandika na nani, kwenye jarida gani, mgonjwa wake ni nani. Ukikuta Kelly J. yuko pamoja na Kwast, uko Ethiopia. Ukikuta J.H., angalia kama ni jarida la upasuaji wa watoto.

Karibuni kwa maswali. Nikipata nafasi nitashusha na mengine.

---

MamaPacha

Dada mkutubi, ahsante sana, Mungu akubariki. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Tangu nizae mapacha nikikohoa tu nabadilisha nguo. Kliniki nimeambiwa kuna upasuaji wa kuweka mkanda unaopitia kwenye mapaja. Nikasoma kwamba aliyeubuni ni Delorme. Nikatafuta "upasuaji wa Delorme", nikaletewa habari za utumbo kutoka nje kupitia njia ya haja kubwa. Nimelala nikilia. Ndicho wanachotaka kunifanyia?

---

MkutubiWaZamu

Pole sana dada yangu. Hapana, sicho kabisa.

Edmond Delorme alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 1900 alieleza upasuaji wa puru inayotoka nje, na hadi leo madaktari wa utumbo wanauita kwa jina lake. Emmanuel Delorme naye ni Mfaransa, lakini ni daktari wa mfumo wa mkojo, na mkanda wake unaopitia sehemu ya ndani ya paja aliuchapisha mwaka 2001. Kati yao kuna miaka mia moja. Kwa vile wote wawili ni Wafaransa na wote wanafanya kazi kwenye nyonga, kule kutafuta intaneti kunamleta yule mzee kwanza, kwani jina lake ndilo lililogeuka jina la upasuaji. Ukitafuta, andika "mkanda wa TOT", ndiyo jina la huo wa mapajani, usiandike jina la mtu.

Na ujiandae, kuna jina jingine litakalokuchanganya hapohapo. Baada ya Delorme, Jean de Leval wa Liège, Ubelgiji, mwaka 2003 aliupitisha mkanda uleule kutoka ndani kwenda nje badala ya nje kwenda ndani. Ukimtafuta utakutana na Marc de Leval, Mbelgiji mwenzake, aliyewapasua moyo watoto pale hospitali ya Great Ormond Street, London. Ukisoma habari za mishipa ya moyo, ujue umehama.

Ngoja nikueleze na upasuaji wenyewe, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Zamani njia kubwa ilikuwa kupasua tumbo chini ya kitovu na kuipandisha shingo ya kibofu. Mwaka 1949 Marshall, Marchetti na Krantz walishona tishu za pembeni mwa mrija wa mkojo kwenye utando wa mfupa wa kinena. Ilifanya kazi, ila baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe wa mfupa wenye maumivu makali. (Marshall huyu ni Victor. Yule wa bakteria wa vidonda vya tumbo, mshindi wa Nobeli ya 2005, ni Barry. Hata wao watu wanawachanganya.) Mwaka 1961 Burch wa Nashville akahamishia nyuzi kwenye kano imara iliyo nyuma ya mfupa huo, mfupa wenyewe ukaachwa, na njia yake ikatawala kwa miongo mingi.

Sambamba na hiyo kulikuwa na mkanda unaokatwa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe. Aldridge mwaka 1942 alitumia utando mgumu wa misuli ya tumbo, akaupitisha chini ya mrija wa mkojo uushikilie. McGuire na Lytton waliurudisha kwa nguvu mwaka 1978. Mwaka 2007 utafiti wa Marekani wa wanawake 655 uliulinganisha mkanda huu na njia ya Burch. Baada ya miaka 2, kwa kipimo cha kuvuja wakati wa kukohoa na mengine kama hayo, mkanda ulifaulu kwa asilimia 66 na Burch asilimia 49. Lakini wenye mkanda walipata zaidi maambukizi ya mkojo na shida ya kukojoa. Hiyo lazima uambiwe kabla ya kusaini.

Kisha wakaja Ulf Ulmsten wa Uppsala, Sweden, na Peter Petros wa Perth, Australia. Waliona kwamba kinachoshikilia si shingo ya kibofu peke yake, bali katikati ya mrija. Mwaka 1996 Ulmsten na wenzake walichapisha njia ya kupitisha utepe mwembamba wa plastiki ya polipropilini chini ya sehemu hiyo ya kati, bila kuukaza, kwa ganzi ya sehemu, mgonjwa akakohoa palepale mezani waone kama anavuja. Mwaka 2002 Ward na Hilton walichapisha ulinganisho wa utepe huo na njia ya Burch kwa wanawake 344 huko Uingereza na Ireland, na ufaulu ukakaribiana, ila wa utepe walipona haraka zaidi. Huo wa mapajani ulioambiwa wewe ni mdogo wake. Mwaka 2010 Richter na wenzake waliwafuatilia wanawake 597 kwa mwaka mmoja. Kwa vipimo, ule utepe wa Ulmsten, unaopita nyuma ya kinena, ulifaulu kwa asilimia 80.8 na wa mapajani asilimia 77.7. Tofauti ilikuwa kwenye madhara: wa kinena walisumbuka zaidi kukojoa, wa mapajani walipata zaidi udhaifu na ganzi za mguuni.

Petros naye utamkuta mara "Petros", mara "Papa Petros". Hapo mambo yamegeuka: mtu mmoja, majina mawili.

---

Abu Rashid

Assalaam alaykum. Dada, usimtie moyo mwenzio kwa haraka. Nina ndugu yuko Leicester, anasema Uingereza wamesimamisha hizo nyavu za plastiki, wanawake wameharibika, wengine hawatembei. Kama kwao zimekataliwa, kwa nini tuletewe sisi?

---

MkutubiWaZamu

Waalaykum salaam kaka. Ndugu yako hakukudanganya. Julai 2018 serikali ya Uingereza ilisitisha matumizi ya nyavu na tepe hizi hadi masharti ya usalama yatimizwe, na Julai 2020 tume ya Baroness Cumberlege ikatoa ripoti iliyosema wazi kwamba wanawake walilalamika miaka mingi wasisikilizwe. Maumivu ya kudumu, plastiki kutokeza ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na mbaya zaidi, kuitoa ni kazi ngumu kwa sababu tishu zimeota ndani yake. Siyafichi haya, wala daktari hana haki ya kuyaficha.

Ila tuyatenganishe. Wavu mpana unaowekwa kushikilia kizazi au kibofu kilichoshuka ni kitu kimoja, na utepe mwembamba chini ya mrija wa mkojo ni kingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, Aprili 2019, iliagiza wavu wa ukeni wa kibofu na viungo vilivyoshuka uondolewe sokoni, lakini utepe wa mkojo haukuguswa na agizo hilo. Nilsson na wenzake waliwafuatilia wanawake waliowekewa utepe wa mwanzo kwa miaka 17, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopimwa walikuwa hawavuji. Yote mawili ni kweli: wengi wamepona, na walioumia wameumia kweli. Mwanamke mwenyewe ndiye wa kupima, akiwa na taarifa zote, na aambiwe kwamba njia ya Burch na mkanda wa mwili wake mwenyewe bado zipo kwa asiyetaka plastiki.

---

Nesi wa Zamani

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefanya kazi wodi ya wanawake hadi nimestaafu. Mbona hamjataja mazoezi? Mama anakimbizwa kwenye kisu hata hajafundishwa kukaza misuli. Na jambo la pili: wapo waliofungwa fistula vizuri, tundu limeziba kabisa, lakini akisimama bado mkojo unamtoka. Anarudi kijijini anaambiwa upasuaji umeshindikana. Hao mnawasemea nini?

---

MkutubiWaZamu

Marahaba mama, na ahsante kwa kunikumbusha, nilipaswa kuanza na hilo.

Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yalipewa uzito na Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948, na ndiyo hatua ya kwanza hadi leo. Mwongozo wa Uingereza unataka angalau miezi 3 ukisimamiwa na mtaalamu, kukaza angalau mara 8 kwa awamu, awamu 3 kwa siku. Neno zito hapo ni kusimamiwa: wengi wanaojifundisha wenyewe wanasukuma chini badala ya kuvuta juu, wanazidisha tatizo. Mwaka 2013 Labrie na wenzake wa Uholanzi waliwagawa wanawake 460, kundi moja mazoezi, jingine utepe. Baada ya mwaka mmoja, waliosema wamepata nafuu walikuwa asilimia 64.4 upande wa mazoezi na asilimia 90.8 upande wa upasuaji, na karibu nusu ya wa mazoezi walikuwa wamehamia upasuaji. Kwa mimi hesabu hiyo inasema hivi: wapo wengi wanaoweza kukwepa kisu, na asiyepata nafuu asiitwe mvivu.

Kuhusu wa fistula, mama umegusa penyewe. Uchungu wa muda mrefu hautoboi tu, unaweza kuumaliza mrija wa mkojo. Kuziba tundu si sawa na kurudisha nguvu ya kufunga. Mwaka 1969 kwenye jarida la BMJ lilitoka andiko la kutengeneza upya mrija ulioharibika wote wakati wa kuzaa, kutoka Addis Ababa, waandishi Hamlin R.H.J. na Nicholson E.C. Nilikuwa nawauliza wanafunzi, Nicholson ni nani? Wanasema msaidizi. Ni Catherine Hamlin, mke wa Reginald Hamlin, aliyeandikwa kwa jina alilozaliwa nalo! Wawili hao walifika Ethiopia mwaka 1959 na wakaanzisha hospitali ya fistula. Mume alifariki 1993, mke akaendelea na kazi hadi uzeeni, akafariki 2020. Anayemtafuta kwa jina la Hamlin peke yake analikosa jina lake kwenye andiko hilo la pamoja. Inaniuma, na ndiyo maana nalisema kila mahali.

Miaka 35 baadaye, mwaka 2004, Andrew Browning aliandika namna ya kuzuia huko kuvuja kunakobaki: wakati uleule wa kuziba fistula, kipande cha misuli na tishu za mgonjwa mwenyewe kinapitishwa chini ya mrija kama mkanda. Bila plastiki. Browning amefanya kazi Ethiopia na hapa kwetu Tanzania.

---

Msomi wa Usiku

Mkuu, uzi umenikuta naandika tasnifu yangu juu ya fistula, na Browning nimekutana nao wawili! Mmoja ni daktari, mwingine naona ni mwanamke anayefanya kazi Afar, Ethiopia. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Naandikaje rejea? Halafu mimi mwenyewe nina majina matatu, na la mwisho ni la babu, tunalitumia ukoo mzima. Nikichapisha nitajulikanaje?

---

MkutubiWaZamu

Si kosa. Valerie Browning ni muuguzi wa Australia aliyeishi miaka mingi na jamii ya Waafar, na ni shangazi yake Andrew. Hapo hata nchi haikusaidii kuwatenganisha, wote Waaustralia na wote Ethiopia. Ukifuata mtindo wa rejea uitwao APA, waandishi wawili wenye jina moja la ukoo lazima uweke herufi za mwanzo ndani ya maandishi yako pia, hata kama miaka inatofautiana: A. Browning, V. Browning. Ukifuata Vancouver wenye namba, orodha yenyewe inakulinda, lakini kwenye sentensi bado taja ni nani. Na Waethiopia wenyewe uwe nao makini. Jina la pili la Mwethiopia ni jina la baba yake, si la ukoo, kwa hiyo wawili wenye jina hilo moja huenda hawana undugu wowote, na ndugu wa damu wa vizazi viwili hawatafanana.

Kwa jina lako, amua sasa kabla ya andiko la kwanza. Sisi huku tuna Juma, Said, Hassan, Mushi na Mwakyusa wa kujaza uwanja. Ukijiandika "Juma A." umejificha mwenyewe. Tumia majina yako yote matatu kwa mpangilio mmoja daima, usiruke la kati leo ukalirudisha kesho. Fungua ORCID leo usiku, ni bure, na uiweke kwenye kila andiko. Kama ni mwanamke na una mpango wa kuolewa, endelea kuchapisha kwa jina lilelile.

---

MamaPacha

Dada, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea. Jumatatu narudi kliniki. Niulize nini?

---

MkutubiWaZamu

Uliza kama wamehakikisha unavuja kwa kukohoa na si kwa kubanwa ghafla, na kama wamepima mkojo unaobaki kibofuni ukishakojoa. Uliza kama kuna mtaalamu wa kukusimamia mazoezi kwanza. Kama bado unataka kuzaa, sema, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuuharibu upasuaji na wengi hushauri kusubiri. Kama ni mkanda, uliza ni wa plastiki au wa mwili wako, unapita kinena au paja, daktari huyo amezoea upi, na ukileta shida nani anaweza kuutoa. Wakuandikie jina la upasuaji kwenye karatasi, si jina la mtu, uniletee hapa nikutafutie andiko lenyewe. Mapacha nawasalimu.